Mama Asiyeweza Kuzuia Mkojo

Juma hili twaingia katika jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ndogo nyuma ya nyumba, ama hawalisemi kabisa. Ni habari ya mwanamke ambaye mkojo wamtoka bila yeye kupenda. Wazee walisema: «Mficha maradhi, kilio humuumbua.» Tena walisema: «Mficha uchi hazai.» Methali hizo mbili zatosha kutupa ruhusa ya kusema wazi, kwa adabu lakini bila kuzunguka.

Pengine baba wa nyumba atanung’unika: «Mambo ya wanawake waachieni wanawake. Gazeti linalosomwa na watoto wa shule layatafutia nini?» Twamjibu kwa heshima. Nani anayeamua kama bibi atakwenda hospitali au atabaki nyumbani? Mara nyingi ni bwana wake. Nani mwenye feza ya safari? Ni bwana, au baba mkwe. Na nani asomaye gazeti jioni kwa sauti, ili mama asiyejua kusoma asikie? Ni huyo mtoto wa shule. Basi jambo hili ni la jamaa nzima.

Neno letu ni moja, mlishike: mkojo usiozuilika ni ugonjwa wa mwili. Una sababu, hupimwa, na mara nyingi hupona. Si laana, si uchawi, wala si adhabu ya uzinzi. Lakini si ugonjwa mmoja tu. Ni magonjwa kadhaa yanayofanana kwa nje, na kila moja lina dawa yake. Akosaye jina la ugonjwa atakosa na dawa.

MWILI ULIVYO

Figo mbili, zilizo upande wa mgongo chini ya mbavu, huchuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo washuka kwa mirija miwili myembamba mpaka katika kibofu. Kibofu ni kama kiriba kidogo. Kwa mtu mzima huingia nusu lita hivi. Chini yake pana mlango unaobanwa na misuli, halafu mrija wa kutolea mkojo nje. Mrija huo kwa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi tu. Ndiyo maana vijidudu hupanda upesi katika kibofu cha mwanamke kuliko cha mwanamume.

Nyuma ya kibofu pana uke na kizazi, na nyuma ya uke pana njia ya choo kikubwa. Viungo hivyo vimekaa karibu karibu, kama vyumba vya nyumba moja vilivyotengwa kwa ukuta mwembamba. Chini vyote vimebebwa na misuli, kama vile kitanda cha kamba kinavyombeba mtu. Kumbukeni maneno hayo mawili, ukuta na kitanda. Maana mkojo hukosa kuzuilika hasa kwa njia tatu: kibofu chenyewe kina ugonjwa, au kitanda kimelegea, au ukuta umetoboka.

MASWALI YA KWANZA

Daktari mwema haanzi kwa chombo. Huanza kwa kuuliza. Mkojo hutoka wakati gani? Waunguza? Ulianza lini, na kabla yake kulitokea nini? Majibu ya kweli huonyesha nusu ya njia. Kwa hiyo mama asione haya kujibu, wala mama mkwe asimjibie.

Kama mkojo waunguza, kama mama aenda kukojoa kila mara na kutoa matone tu, kama chini ya kitovu pauma na mkojo wanuka vibaya, basi huenda vijidudu vimeingia katika kibofu. Ugonjwa huu hupimwa kwa mkojo wenyewe, katika kichupa safi. Hutibiwa kwa vidonge vya kuua vijidudu, navyo vyapasa kumalizwa vyote, hata kama maumivu yamekwisha siku ya pili. Anayenunua vidonge viwili vitatu sokoni, bila kupimwa, awafundisha vijidudu kuizoea dawa. Ikiongezeka homa, kutetemeka na maumivu ya mgongo chini ya mbavu, ni ishara kwamba figo zimeshikwa; hapo asingoje kesho. Na mwenye mimba asidharau ugonjwa huu hata kidogo, kwa maana waweza kupanda mpaka figo, tena waweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Mwenye kuona damu katika mkojo apimwe naye, hata kama haumwi: mahali penye kichocho cha mkojo huenda ni hicho, na dawa ipo.

Kama mkojo watoka kidogo tu wakati wa kukohoa, kucheka, kupiga chafya au kuinua bidoni ya maji, lakini usiku mkeka ni mkavu, basi kitanda kimelegea. Hutokea sana kwa akina mama waliozaa mara nyingi. Dawa ya kwanza si kisu, ni mazoezi. Daktari wa Marekani aitwaye Arnold Kegel aliyatangaza mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo yanayoanza. Mama abane misuli ile ile ambayo mtu huibana ili kuzuia mkojo, ahesabu polepole mpaka tano au nane, kisha alegeze. Afanye hivyo mara nane kwa mfululizo, mara tatu kila siku, kwa muda wa miezi mitatu. Aweza kufanya akiwa amekaa, akiwa amelala, hata akichambua sombe, hakuna atakayemwona. Asiyeendelea kwa siku nyingi asiseme kwamba dawa imeshindwa.

Kama mama ahisi kitu kizito chashuka ukeni, hasa jioni baada ya kazi za shamba, au aona kinyama kimetokeza nje, huenda kizazi au kibofu kimeshuka. Daktari humtazama amelala, akamwambia akohoe. Yakiwa ni madogo, mazoezi yale yale husaidia. Yakiwa makubwa, kuna pete laini ya kuingizwa ndani ili kushikilia viungo, na kuna upasuaji. Mizigo mizito ya makaa na mihogo ipunguzwe. Hapo watoto wakubwa wa kiume na baba yao waonyeshe nguvu zao.

Kuna jambo la nne, lenye kudanganya watu. Mama amezaa jana, na leo mkojo wadondoka kidogo kidogo. Watu wasema kibofu kimetoboka. Kumbe pengine kimejaa mno, kimepooza kwa sababu ya uzazi, nao mkojo wafurika kama pipa lililojaa mvua. Mwuguzi hupapasa tumbo, akakuta kibofu kigumu kama mpira. Huingiza mrija laini, ambao katika hospitali zetu waitwa sonda, na mkojo wote watoka. Mara nyingi kibofu hurudia nguvu zake baada ya siku chache. Asiyetibiwa upesi aweza kuharibika kibofu.

Lakini ikiwa mkojo watoka mchana na usiku, ameketi au amelala, bila kukatika, na ikiwa jambo hilo lilianza baada ya uchungu mrefu au baada ya upasuaji wa tumbo la uzazi, basi yapasa kuwaza ugonjwa wa tano, ulio mkubwa kuliko yote hayo: ukuta umetoboka. Jina lake ni fistula.

FISTULA HUTOKAJE?

Tuweke mfano. Binti wa miaka 17 ameolewa katika kijiji cha milimani, mbali na barabara ya gari. Uchungu wamwanza Jumatatu jioni. Mama mkwe amwambia: «Mimi nilizaa saba juu ya mkeka huu. Vumilia, mwanangu.» Jumanne yapita. Jumatano bwana wake ataka kuita vijana wa kumbeba kwa tipoyi, lakini mzee mmoja wa ukoo akataa: «Mtoto akikwama, kuna neno limefichwa. Kwanza aseme ametembea na nani.» Binti alia, hana la kuungama. Alhamisi afikishwa hospitali, mtoto amekwisha kufa tumboni. Watu wamshukuru daktari kwa kumponya mama. Siku chache baadaye aamka, na kikwembe chake kimelowa. Abadili kikwembe, nacho chalowa tena.

Limetokea nini? Kichwa cha mtoto kilikuwa kikubwa kuliko nafasi ya nyonga, au kilikaa vibaya. Kwa siku tatu kilisukumwa na nguvu za kizazi, kikaubana ukuta wa kibofu juu ya mfupa wa kinena. Fungeni kidole kwa uzi mkali muda mrefu: damu haipiti, nyama yafa. Ndivyo ulivyokufa ukuta ule. Baada ya siku kama 3 mpaka 10 nyama iliyokufa huanguka, likabaki tundu kati ya kibofu na uke. Kichwa kikiwa kimebana na upande wa nyuma, tundu huwa katika njia ya choo kikubwa, na mavi hupita ukeni. Pengine mishipa ya fahamu ya mguu nayo hubanwa, na mama huburuta mguu akitembea.

Mmeona, basi: si mzimu, si mwanamume wa kando. Ni saa zilizopita bila msaada. Neno la uzinzi halikumtoa mtoto. Lilipoteza siku moja, na siku hiyo ndiyo iliyotoboa ukuta.

Kuna tundu za sababu nyingine pia. Pengine kibofu au mrija wa figo hukatwa kwa bahati mbaya katika upasuaji wa uzazi au wa kutoa kizazi. Na katika vita vya mashariki ya Kongo, wanawake na hata wasichana wadogo walitobolewa kwa kunajisiwa kikatili. Hao wasiulizwe kwa sauti ya hakimu. Wamejeruhiwa, waliotenda ndio wenye hatia.

HOSPITALI HUPIMAJE?

Wengi huogopa hospitali kwa sababu hawajui watakalofanyiwa. Tuwaeleze. Baada ya maswali, daktari au mwuguzi hutazama ukeni kwa chombo safi, mahali pa faragha. Tundu kubwa huonekana kwa macho. Kwa tundu dogo, kuna kipimo chepesi. Vifundo vitatu vya pamba huwekwa ukeni, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini. Halafu maji yenye rangi ya buluu hutiwa kibofuni kwa sonda, na baada ya muda mfupi pamba hutolewa. Pamba ya katikati ikiwa ya buluu, tundu ni la kibofu. Ile ya juu ikiwa imelowa mkojo lakini bila rangi, basi mkojo watoka katika mrija wa figo kabla ya kufika kibofuni. Ile ya chini peke yake ikiwa ya buluu, yafaa kutazama mrija wa kutolea mkojo. Vifundo vitatu vya pamba na rangi kidogo, na ugonjwa wajulikana mahali pake! Hakuna kukatwa katika kipimo hiki, wala hakuna maumivu makubwa.

DAWA YAKE

Siku za kwanza ndizo zenye thamani. Mama aliyeokolewa katika uchungu uliokwama hupasa kuachiwa sonda kwa siku kadhaa, hata kama mkojo bado hauvuji, ili kibofu kikae kitupu na ukuta uliochubuka upate kupumzika. Kama tundu limekwisha kuonekana nalo ni dogo na jipya, sonda yaweza kuachwa wiki 4 mpaka 6, na kwa baadhi ya wanawake tundu hujifunga lenyewe pasipo kisu. Lakini mama aliyefichwa nyumbani miezi mingi amekwisha kuipoteza bahati hiyo. Ndiyo maana twasema: akianza kuvuja, aende juma lile lile.

Tundu lisipofunga, kuna upasuaji. Kwa kawaida madaktari hungoja miezi 3 hivi tangu siku ya kuzaa, mpaka kidonda kimetulia na nyama ni safi. Mara nyingi mgonjwa hupigwa sindano ya mgongoni. Sehemu ya chini yafa ganzi, yeye mwenyewe yu macho. Daktari hutenga ukuta wa kibofu na ukuta wa uke, akashona kila mmoja. Kwa tundu zilizo nyepesi, wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 waweza kufungwa. Kwa zile ngumu, zenye makovu mengi, ni kama 6 kati ya 10. Kwa sababu hiyo upasuaji wa kwanza ni bora ufanywe na mtu aliyejifunza kazi hiyo hasa, maana kila jaribio lililoshindwa huongeza makovu.

Baada ya kushonwa, sonda hubaki. Zamani ilibaki wiki 2 au zaidi. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 8 za Afrika, Kongo yetu ikiwa mojawapo: kwa tundu nyepesi, siku 7 zilitosha sawa na siku 14. Jambo hili si dogo. Kitanda kimoja chaweza kumpokea mgonjwa mwingine mapema, na mama arudi kwa watoto wake wiki moja kabla.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hukosea. Mama mwenye fistula hupunguza kunywa maji, akidhani hivyo atavuja kidogo. Sivyo. Mkojo huwa mkali, wanuka zaidi, waunguza ngozi, hata mawe yaweza kujitengeneza kibofuni. Anywe maji mengi, lita 4 au 5 kwa siku wakati wa sonda, mpaka mkojo uwe mweupe kama maji. Aoge mara kwa mara kwa maji safi na kupaka mafuta mapajani. Asiingize ukeni majani makali, chumvi wala unga wa dawa usiojulikana; vitu hivyo havizibi tundu, bali huchoma na kuongeza makovu ambayo daktari atahangaika nayo kesho.

Akirudi nyumbani, bwana wake amngoje miezi 3 angalau bila kumkaribia. Wengine huambiwa 6. Asibebe mizigo mizito. Akipata mimba tena, atazalia hospitali, na kwa kawaida mtoto hutolewa kwa kupasua tumbo, ili mshono usifumuke. Tuseme na ukweli huu: wako wanawake ambao tundu limefunga vizuri, lakini mlango wa kibofu umedhoofika, na mkojo bado wawatoka kidogo. Wasikate tamaa, wasijifiche tena. Mazoezi na matibabu mengine yapo kwa ajili yao.

UGONJWA WA KALE

Watu wasemao kwamba ugonjwa huu umeletwa na jirani mwenye kijicho, wafikiri neno hili. Katika Misri ya kale aliishi mwanamke wa nyumba ya mfalme aitwaye Henhenit. Maiti yake iliyokaushwa imedumu zaidi ya miaka 4000, na wataalamu walipoichunguza katika karne ya 20 walikuta nyonga nyembamba na tundu kubwa kati ya kibofu na uke. Hata nyumba ya mfalme haikumkinga.

Upasuaji wenyewe ulipatikana kwa gharama isiyopaswa kusahauliwa. Kati ya mwaka 1845 na 1849, huko Montgomery katika jimbo la Alabama, Marekani, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara nyingi wanawake weusi waliokuwa watumwa, bila dawa ya usingizi. Watatu majina yao yajulikana: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha peke yake alipasuliwa mara 30 hivi kabla tundu lake halijafungwa. Hawakuwa na uhuru wa kukataa. Kila mwanamke anayepona leo, wa rangi yoyote, adaiwa shukrani na hao watatu.

Afrika yenyewe ilijipatia shule ya kazi hii. Mwaka 1959 madaktari wawili, bwana na bibi, Reginald na Catherine Hamlin, walifika Addis Ababa kutoka Australia. Walikuja kwa miaka michache, wakabaki maisha yao yote. Mwaka 1974 walifungua hospitali ya fistula, na madaktari wa nchi nyingi walikwenda kujifunza huko. Reginald alikufa mwaka 1993, na Catherine mwaka 2020.

Na kwetu je? Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa mkuu wa hospitali ya Lemera iliyoshambuliwa katika vita vya mwaka 1996, wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 alianza hospitali ya Panzi, Bukavu. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba nia yake ilikuwa mahali pa akina mama kuzalia kwa salama. Kumbe mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke aliyejeruhiwa kwa kunajisiwa. Tangu hapo Panzi imejulikana duniani kwa kushona fistula, za uzazi na za ukatili pia. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Goma nako hospitali ya HEAL Africa imefanya kazi hiyo hiyo. Kabla ya kufunga safari, ulizeni kwanza kituo cha afya kilicho karibu: njia na usalama hubadilika, na mara nyingi kuna siku maalum ambazo madaktari wa fistula hupokea wagonjwa, pengine bila malipo.

YATUPASAYO

Umoja wa Mataifa wakadiria kwamba wanawake nusu milioni hivi duniani waishi na fistula. Mwaka 2013 tarehe 23 Mei ilianza kuadhimishwa kuwa siku ya kuukomesha ugonjwa huu. Lakini sikukuu haifungi tundu. Kila mmoja nyumbani ana kazi yake.

Wewe bwana, hesabu saa. Wakunga wa kale walisema jua lisizame mara mbili juu ya mwanamke mwenye uchungu. Leo twajua kwamba hata hiyo ni kungoja mno. Bibi azalie katika kituo cha afya tangu mwanzo. Kama uchungu wa nguvu umedumu saa 12 na mtoto hajazaliwa, apelekwe mahali penye upasuaji. Usingoje miezi tisa iishe ndipo utafute feza. Weka kidogo kidogo tangu mwezi wa nne, na patana mapema na mwenye pikipiki au na vijana wa kubeba. Tena msimwoze binti kabla ya wakati. Sheria ya jamaa ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2016, yadai miaka 18; na mwili wenyewe wadai hivyo, kwa kuwa nyonga ya msichana haijamaliza kukua.

Wewe mama mkwe, tunakuheshimu kwa watoto wako saba. Lakini nyonga yako si nyonga ya mkwe wako. Neno lako moja, «Mpelekeni», lina nguvu kuliko maneno kumi ya daktari, kwa sababu lako lasikiwa kwanza.

Ninyi majirani na akina mama wa chama, mtazameni yule ambaye haji tena kisimani saa ya watu wengi, ambaye kanisani huketi karibu na mlango, kisha haji kabisa. Msiseme ananuka. Nendeni kwake wawili, wenye midomo mizito, mkamwambie: «Dada, huu ni ugonjwa, na unatibiwa. Tutakusindikiza.» Wanawake wengi walikaa miaka 10, hata 20, kwa kukosa mtu wa kuwaambia maneno hayo machache.

Nanyi wanafunzi, mtakapoisoma habari hii kwa sauti na wakubwa wakacheka, endeleeni kusoma.

Turudi kwa yule binti wetu wa mfano. Mbele yake ziko njia mbili. Katika ya kwanza bwana wake amrudisha kwa wazazi, adai mali yake, aoa mwingine. Binti alala katika jiko la mama yake, ale peke yake, na tundu lililohitaji labda saa moja ya daktari lamla ujana wake wote. Katika ya pili bwana asema mbele ya ukoo: «Alibeba mtoto wangu, akaumia kwa mtoto wangu. Mimi nitambeba yeye.» Aenda naye, amchotea maji, amngoja. Jambo lililotenga njia hizo mbili si utajiri, kwa maana mtu yule ni maskini katika zote mbili. Ni kujua tu kwamba ugonjwa una jina. Na ninyi sasa mwajua.

Juma lijalo tutaeleza ishara za hatari kwa mwenye mimba, zile ambazo hazingoji asubuhi. Kaeni salama.